Makubazi ya Kitanda cha Saba

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo.

Kwa heshima na taadhima ninakutangazia kwamba sufuria kubwa ya uji ya nyumba hii, iliyokaa kichwa wazi tangu kabla sijaja kufanya kazi hapa, leo saa nne asubuhi imepata mfuniko. Sista Mkuu ameuombea. Mpishi amefuta machozi kwa aproni. Mlinzi wa geti alivua kofia, ingawa nadhani alikuwa anajikuna.

Sasa shika kiti ukae.

Unajua utaratibu wa nyumba yetu, nilishakuandikia: maji, uji, jina. Mgonjwa akiletwa haulizwi kitu. Kwanza anaogeshwa, kisha anapewa uji, na jina linakuja la mwisho, kama linakuja. Wako waliofia hapa bila kutupa majina, tukawazika kwa namba ya kitanda na kwa sala ileile. Sista Mkuu anasema jina ni mali ya mtu, na maskini asinyang'anywe hata hiyo.

Na unajua kibao cha getini: HAPA NI KWA WASIO NA MTU.

Jumanne wapagazi wawili wa stendi walileta mzee kwa mkokoteni. Alidondoka akishuka basi. Upande wa kushoto umekufa ganzi, ila mdomo ni mzima. Mlinzi akamuuliza, "Mzee, una mtu?" Mzee akakiangalia kibao, akasema, "Sina." Wakampeleka kitanda cha saba, mimi nikatumwa na beseni.

Nilianza na miguu kama kawaida. Mguu wa kulia, kwenye upinde wa unyayo, kuna kovu la kisu cha ngozi, lile ambalo utotoni tulikuwa tunaliita mjusi. Nikainua uso. Ni Baba.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia ukuta. Akasema polepole, "Binti, mimi sikujui. Na wewe hunijui."

Nikamaliza kumwosha. Ungefanya nini? Maji yalikuwa bado ya moto.

Sijamwambia Sista. Nikisema, basi ana mtu, na mwenye mtu hana kitanda hapa. Mimi ninalala chumba kimoja na wafuaji wenzangu watatu, na kitanda changu kikigeuka wote wanaamka. Wewe una nyumba. Sikwambii la kufanya, wewe ndiye mkubwa. Nakwambia tu yuko wapi.

Jingine: Sista Mkuu amesikia kwamba kanisa lenu linavalisha maskini viatu, na kwamba fundi wao ni kaka wa mfuaji wake. Sakafu yetu ni ya saruji, na wagonjwa kumi na saba wanaikanyaga peku. Anaomba.

Mdogo wako,
Kitinda

21 Machi

Kitinda,

Marahaba.

Barua yako ilifika siku ya kikao. Mimi sasa ni mwenyekiti wa kamati ya huduma kanisani, na kamati ya huduma ilikaa saa tatu nzima kujadili kama tuvae fulana za bluu tunapokwenda kuhudumia. Njaa ya watu ilisogezwa hadi kikao kijacho.

Ombi la Sista nimelipokea kwa mikono miwili. Nitashona makubazi, jozi kumi na saba, ngozi ngumu chini na laini juu. Nitumie nyayo. Chukua magazeti, mkanyagishe kila mmoja, chora kwa mkaa kuzunguka mguu, andika namba ya kitanda. Chora miguu yote miwili. Kulia na kushoto ni ndugu, si pacha.

Mgonjwa wako mpya ninamwombea, kama ninavyowaombea wagonjwa wote.

Nilitaka kuishia hapo, ila kalamu bado ina wino. Siku niliyofukuzwa nyumbani wewe ulikuwa na miaka tisa, hukuona vizuri, ulikuwa nyuma ya mlango na Mama. Nilimpa mtu wa peku viatu ambavyo mteja alikuwa hajaja kuvichukua. Lilikuwa kosa, nilikubali kosa. Mzee yule akachukua mfuko wangu wa vifaa, nyundo, sindano, visu vyote, akaumwaga barabarani mbele ya wateja. Akasema, "Nenda kawavalishe wasio na mtu. Na wewe kuanzia leo ni mmoja wao." Nikaokota vifaa vyangu nikiwa nimepiga magoti. Miaka ishirini na miwili. Mama alipofariki niliambiwa na dereva wa lori.

Sasa amelala kwenye kitanda cha wasio na mtu, na ukamwosha, na akasema hakujui. Habadiliki. Nyundo ni nyundo.

Tuma nyayo.

Kaka yako

14 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nyayo hizo hapo, jozi kumi na saba. Kitanda cha tatu ana vidole sita mguu wa kushoto na ameomba cha sita kisiachwe nje, kimeishi naye vizuri. Kitanda cha tisa alikataa kuchorwa, akasema anayechukua unyayo wako anachukua na safari yako. Nikamwambia, "Babu, safari gani, wewe hata chooni unabebwa?" Akacheka hadi akakohoa, nikachora akiwa anakohoa. Huyu wa tisa kila Jumapili anatembelewa na muuza tumbaku mmoja mpole sana, ambaye sijawahi kumwona akimuuzia mtu mwingine tumbaku, na ambaye amefanana naye pua.

Kitanda cha saba hakungoja kuombwa. Aliuleta mguu mwenyewe, mzima kwanza, kisha akaunyanyua uliokufa kwa mkono na kuuweka juu ya gazeti kama mtu anayeweka kazi mezani. Mkaa ulipopita chini ya kisigino akasema, "Shika wima. Ukiulaza unaongeza saizi." Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu lile la hunijui. Nikaushika wima.

Kaka, mimi sitetei. Ninamwogesha kila siku saa moja asubuhi, na kila siku ananiita binti kama anavyomwita kila msichana humu. Nimeosha wagonjwa wa kila namna, wenye vidonda, wenye matusi, mmoja aliniuma. Hakuna aliyenichosha kama huyu asiyenisumbua. Huwa ninajiambia, mwoshe kama mgeni, mgeni ni rahisi. Halafu ninafika kwenye mjusi.

Ng'ombe haelemewi na nundu yake, wanasema. Aliyesema hakumuuliza ng'ombe.

Kitinda

30 Mei

Kitinda,

Marahaba.

Mzigo unakuja na dereva wa mbao, mpe chai. Kila jozi imeandikwa namba chini ya soli. Kidole cha sita nimekitengenezea dirisha lake.

Utakuta jozi kumi na sita. Ngozi iliisha.

Mchungaji wetu alinitaja kwenye mahubiri, mfano wa utumishi. Watu waligeuka kuniangalia. Mke wangu peke yake hakugeuka. Alikuwa amehesabu jozi zilizokuwa mezani, na alikuwa ameona pande la ngozi lililobaki rafuni. Tangu Jumapili anapika vizuri na hasemi.

Kaka yako

19 Juni

Kaka,

Ngozi iliisha. Haya.

Tuligawa Jumamosi baada ya uji. Ungeona wodi ile. Watu ambao hawajasimama tangu mvua zilizopita walitaka kusimama. Kitanda cha kumi na nne alitembea hadi dirishani, akaangalia nje, akarudi, akasema nje ni palepale. Sista Mkuu alikuwa anaita namba. "Sita." "Nipo." Kisha akaita, "Saba," akaingiza mkono kwenye gunia, akalikung'uta, akaniangalia. Nikasema ngozi iliisha. Baba akasema, "Mpeni wa nane, saa zinakwenda."

Jioni mzee wa kitanda cha sita alimwonea huruma, akamwazima moja alitazame. Baba alilipindua, akaangalia uzi, akakwaruza kisigino kwa ukucha.

"Mshono mzuri," akasema. "Lakini misumari minne. Mitatu inatosha, wa nne unapasua ngozi. Nilimwambia tangu ana miaka kumi na miwili."

"Ulimwambia nani?" mzee wa sita akauliza.

"Mtu mmoja."

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo. Sikuweka chini wala sikuondoka.

Kesho yake wakati wa kumwogesha, Sista akiwa mwisho wa wodi, alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Binti. Kile kibao cha getini bado kipo?"

"Kipo."

"Basi endelea kutonijua. Hapa wanakuosha vizuri, na wewe huna pa kuniweka."

Kaka, miezi mitatu nilidhani amenikana. Kumbe alikuwa ananitunzia kazi yangu na kitanda chake kwa wakati mmoja, na hilo ndilo neno la upole kuliko yote niliyowahi kusikia kwake, nalo limetoka kwa umbo la kunifukuza. Hajui kulitoa kwa umbo jingine.

Nilimuuliza alikuwa anakwenda wapi siku aliyodondoka stendi. Akasema, "Nilikuwa nashuka." Zaidi ya hapo hataki.

Daktari amepita. Moyo umechoka. Hakutaja siku, ila aliniambia nisiweke maji ya kuoga moto sana.

Unawavalisha watu usiowajua hadi wanataka kutembea. Huyu mmoja ukaishiwa ngozi. Mimi ni mdogo wako, sina ruhusa ya kusema zaidi.

Kitinda

2 Julai

Kitinda,

Nimeng'oa msumari mmoja.

Kaka yako

9 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Jana mlinzi aliniletea kifurushi cha gazeti, ndani jozi moja ya makubazi, namba saba chini ya soli. Ngozi ileile, ila hii imepakwa mafuta hadi inameta. Nilimpelekea. Aliyapindua kabla ya kuyatazama juu. Akahesabu kwa ukucha.

"Mitatu," akasema.

Akataka avalishwe palepale. Amelala nayo. Sista Mkuu alipita, akaona viatu juu ya shuka safi, akaendelea na njia yake. Anayefua hilo shuka ni mimi, na mimi sikusema kitu.

Sasa ninauliza. Nilidhani ni dereva wa mbao. Mlinzi anasema si dereva. Anasema alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti zito kwenye jua kama lile, kidole gumba cheusi kwa gundi. Alikaa kwenye benchi la nje ya geti tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Mlinzi akamwendea: "Mzee wangu, una mtu humu?" Yule mtu akakisoma kibao, akakisoma tena, akasema, "Sina." Akaacha kifurushi akaondoka kwa miguu.

Mimi saa zile nilikuwa uani naanika mashuka. Ukuta mmoja tu.

Kaka, ulikuwa wewe?

Kitinda

20 Agosti

Kitinda,

Nilikuwa mimi.

Nilisafiri siku mbili. Nilinyoa ndevu kwenye choo cha stendi. Lile koti ni la harusi, nililivaa kwa sababu alipokuwa akiniona kila mara nilikuwa na aproni, nikataka anione nina koti. Kichwani nilikuwa na maneno nimeyapanga tangu nyumbani, yote mazuri, nusu yake ya kumlaumu.

Nikafika getini nikakutana na kibao.

Nilikuwa nimekisoma kwenye barua yako, lakini kusoma kwenye barua na kusimama chini yake ni mambo mawili. Nikapiga hesabu. Nikisema ninaye mtu, jioni yuko barabarani na mimi, na basi la siku mbili lingemmaliza njiani. Nikikaa kimya, anabaki na shuka safi. Nikakaa. Dirisha la wodi lilikuwa wazi. Nilisikia kikohozi. Kile cha mara tatu halafu kimoja, alichokuwa akikohoa akimaliza kazi. Nilikisikiliza kwa saa tano.

Hiyo hesabu ni kweli nusu. Nusu nyingine nakwambia wewe tu: kibao kilinisaidia. Nilipokisoma nilipumua. Mtu anaweza kubeba jambo miaka ishirini na miwili, akafika mlangoni, akafurahi kukuta umefungwa.

Mlinzi aliponiuliza nikasema sina. Nilipofika kona ndipo nilipokumbuka kwamba na yeye alisimama palepale akasema hivyohivyo.

Sikiliza sasa. Nimeongea na wifi yako. Ameanza tena kusema. Tumetoa mashine na ngozi kwenye chumba cha mbele, tumeweka kitanda. Chumba kinanuka gundi, sidhani kama kitamsumbua. Mwanakamati mmoja ana gari lenye kiti kinacholala. Tarehe kumi na mbili Septemba nitakuja nalo, nitapita getini mchana, nikiulizwa nitajibu. Usimwambie Baba. Au mwambie. Tazama moyo wake unasemaje.

Kaka yako

2 Septemba

Kaka,

Baba amefariki jana saa tatu asubuhi, baada ya uji.

Nilikuwa nimemwambia. Barua yako ilifika juzi, nikamsomea kwa sauti ya chini wakati wa kuoga, pale pa koti na pale pa chumba cha mbele. Akataka nirudie hapo kwenye koti. Halafu akasema, "Chumba cha mbele hakifai kulala. Mwanga wake ni wa kushonea." Hakusema hataki.

Jana alikunywa uji wote. Akamwita Sista Mkuu akasema, na wodi nzima ikasikia, "Sista, kitanda chako nakirudisha leo, kwa hiyo naweza kusema kweli. Nina watu. Wawili. Mmoja ni huyu mfuaji wako, mwingine ni yule aliyewavalisha hawa. Andika." Sista akaandika. Akamwuliza na jina lake. Akalitaja, lote, na la babu yake. Kisha akaomba kulala.

Tumemzika leo kwenye makaburi ya nyumba. Nimemwogesha mwenyewe. Safari hii nilimwita Baba, kwa sauti, maana hakukuwa tena na kitanda cha kupoteza.

Gari usiliazime.

Kitinda

15 Septemba

Kwa Fundi, kaka wa mfuaji wetu,

Amani iwe kwako na nyumba yako.

Mimi ndiye Sista Mkuu. Mdogo wako ameniomba nisome barua zako kabla hajaziweka, ili nijue alinificha nini. Nimezisoma zote kwa siku mbili, na ninakuandikia kabla sijajipa muda wa kuogopa.

Kwanza, makubazi. Baba yako aliagiza yabaki kwenye kitanda. Tumempa mgonjwa mpya wa namba saba, mwendesha mkokoteni aliyevunjika nyonga. Yanambana kidogo, lakini hataki kuyavua.

Pili, nilijua. Siku ya kwanza. Mdogo wako na mzee yule wana masikio ya aina moja, na mfuaji wangu hajawahi kuchukua nusu saa kuosha miguu miwili. Sikusema, kwa sababu ya utaratibu wetu: maji, uji, jina. Nilidhani pana ugomvi wa nyumbani, na jina halivutwi kwa nguvu. Nikangoja alitoe mwenyewe. Nilijiona mpole. Siku ile uliyokaa kwenye benchi nilikuona pia kutoka dirisha la chumba cha dawa, mtu mwenye koti, nikadhani ni mtu anayepumzika, na nikajisifu kwamba hatumfukuzi mtu kwenye benchi letu.

Tatu ni kile kibao. Nimekaa nyumba hii miaka kumi na moja, na sisi masista huingia kwa mlango wa upande wa kanisa. Getini hupita wagonjwa na watu wao. Tulikuwa tukishangaa mezani kwa nini wagonjwa wetu hawatembelewi, tukiwalaumu ndugu zao kwenye sala za jioni. Tulikuwa tukimsifu pia yule muuza tumbaku wa kitanda cha tisa. Jana nilimwita nikamuuliza. Ni mpwa wake. Kitanda cha pili ana binti anayeleta mboga jikoni kwa jina la muuza mboga. Kitanda cha kumi na moja ana mke.

Nilikwenda getini na kukisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama mahali mnaposimama ninyi. Kisha nikaitafuta kanuni ya kibao kwenye daftari za nyumba, na katika barua za waliotutangulia, hadi ya kwanza kabisa. Ukitaka kuja kuliona kaburi, njoo mchana, utafunguliwa. Mdogo wako ana siku tatu za mapumziko na hajazichukua.

Kanuni hiyo haimo. Haijawahi kuwemo. Kibao kiliandikwa na mlinzi wetu wa kwanza, kwa sababu wageni walikuwa wanamkatiza usingizi wake wa mchana.

Sista Mkuu